Kifungo cha Pili

Shangazi yangu mtaa mzima unamwita Bi Sindano, na si kwa ajili ya cherehani tu. Mdomo wake unachoma. Mteja akichelewa kufuata nguo anaambiwa, "Nilidhani siku hizi huvai." Lakini kazi yake, jamani, ni safi. Kila sare ya shule ya kurekebisha huibandikia karatasi kwa pini: darasa la mwenye nguo na kasoro yake. Nguo ikitoka, karatasi inaingia kwenye kopo la maziwa. Nilikuwa namcheka. Karatasi zote hizo za nini, Shangazi, utazipika?

Jioni moja yeye alikuwa anapiga pindo, mimi niko sakafuni na insha yangu ya fasihi: alama za uonevu na woga katika riwaya tunayosoma, ya wanafunzi wa bweni. Nikamsomea kwa majivuno. Wembe wa mbabe ni alama ya uonevu. Mlango ni alama ya woga, maana kuna mwanafunzi ambaye kazi yake ni kuushikilia wenzake wanapoteswa.

"Huyo wa mlango alimpiga mtu?"

"Hapana."

"Sasa kosa lake nini?"

"Aliona akanyamaza, Shangazi. Ndiyo woga wenyewe."

"Mh!" Akaondoa mguu kwenye cherehani.

Mchana ule mke wa kinyozi alikuwa ameleta shati la binti yake, kifungo cha pili hakipo. Tena! Binti mzembe namna hii, alisema, muhula ujao atabaki nyumbani, shule imemshinda. Binti mwenyewe alisimama pale pale, asijitetee. Mimi nilijifanya natafuta bobini ya uzi wa cherehani.

Shangazi akamwaga kopo, akachambua, akapanga karatasi saba mbele yangu. Zote Kidato cha Pili B, darasa letu. Zote kifungo cha pili.

"Kifungo kikichomoka chenyewe, uzi unakuwa umechakaa. Huu umekatwa," akasema. "Na mkasi wangu mdogo nimeutafuta wiki nane sasa. Haya, mwanangu. Sema."

Nikasema. Mkasi niliuchukua mimi kwa kazi ya sayansi. Kiranja wetu akauazima, hakuurudisha. Kila Ijumaa kabla ya ukaguzi anamkata binti wa kinyozi kifungo, kisha anamwandika jina kwa uchafu wa sare. Mimi nakaa nyuma yao. Niliogopa zamu yangu isije ikafika.

Nikangoja matusi. Wapi! Shangazi alilikunja lile shati bila kulishona.

"Mimi nimeshona mara saba, sijauliza hata mara moja," akasema taratibu. "Na mimi nimeushika mlango. Kesho tunaenda wote."

Asubuhi tulikaa kwenye benchi la ofisi ya mwalimu mkuu, shati na karatasi saba mapajani mwa Shangazi. Nilieleza yote, hata habari ya mkasi. Kiranja akaitwa, na mkasi ukatoka kwenye mkebe wake wa kalamu. Mwalimu mkuu akampigia simu mke wa kinyozi mbele yetu.

"Binti yako si mzembe, mama," akamwambia. "Ana haki ya kubaki shuleni."

Binti wa kinyozi alikuwa ameitwa naye. Hakumtazama kiranja. Alinitazama mimi.

"Siku zote nilidhani ulikuwa huoni," akasema.

Ningekubali tu, ingekuwa rahisi.

"Nilikuwa naona," nikamjibu.