Kombe la Kisiwa Bora

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hucheka kwanza, kisha hunyamaza. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimevaa suti ya kuazima, na mkononi nimeshika kombe la bati lililopakwa rangi ya dhahabu. Nilikuwa mwenyekiti. Jana uliponiambia mimi ami yako kuwa vijana wa visiwa wamekuchagua wewe uwaongoze kiangazi hiki, nilifurahi mpaka chai ikapoa mkononi, na siku ile ikanirudia yote. Basi kaa hapa. Ukitaka kunijibu kwa Kiingereza nijibu tu, nimeshazoea, lakini unisikilize kwa Kiswahili.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, hapa hapa Toronto. Mimi Mngazija niliyelelewa Unguja nilikuwa nimepanga chumba Parkdale, nikisoma asubuhi na kufunga maboksi kiwandani mchana. Ghorofa ya juu yangu alikaa msichana wa Dominika, jina lake Merle, kazi yake kutunza wazee. Tulijuana kwenye chumba cha kufulia nguo, tukisubiri mashine moja iliyokuwa nzima. Nikamsimulia jinsi nilivyoitafuta Komoro kwenye ramani ya chuoni nisiione, mahali pake pameandikwa jina la bahari. Akacheka sana. Akasema kisiwa chao kipo kwenye ramani hiyo, ila watu hukichanganya na nchi nyingine yenye jina karibu sawa, kila siku ya Mungu. Kisha akasema, "Kwa nini sisi wa visiwa vidogo tusikutane?"

Liweke hilo kichwani, mwanangu. Wazo lilikuwa la Merle.

Tukakusanyana. Komoro, Shelisheli, Morisi, Maldivi, Trinidad na Dominika. Watrinidad walikuwa wengi kuliko sisi wote, tukawatania kwa kuwaita watu wa bara. Dominika walikuwa wawili tu, Merle na binamu yake. Tulikuwa tukikutana nyumba hii na ile, tukikaa mpaka juu ya vitanda, na majirani wakilalamika kwa kelele. Walinichagua mwenyekiti kwa sababu nilikuwa na sauti kubwa, na kwa sababu Merle alisema zamu zake za kazi hazimpi nafasi. Maji ya kifuu bahari ya chungu. Uenyekiti ule wa watu ishirini na wachache ulinivimbisha kichwa, nikaanza kutembea na faili kwapani.

Karibu na kwetu palikuwa na jumba la jamii, na msimamizi wake, mama mmoja wa makamo, alikuwa na chumba kikubwa kisichotumika siku za Jumamosi. Tulimwendea. Alitusikiliza, akasema: "Nimeshawapa watu chumba hiki, wakagombana humo humo. Fanyeni sherehe yenu hapa, nije nione. Mkiwa kundi moja, chumba ni chenu. Mkiwa makundi sita, hapana." Kwetu sisi chumba kile kilikuwa kila kitu. Bila chumba tungekuwa watu wa kukutana mara mbili kisha kusahauliana, kila mtu na zamu zake.

Sasa usikie akili yangu. Niliona sherehe isiyo na mashindano haina ladha. Nikanunua kombe, nikaandika sheria, nikatangaza kuwa kila kisiwa kitakuwa na meza yake, chakula chake na ngoma yake, na kila kimoja kitapewa alama. Kitakachoshinda ndicho Kisiwa Bora. Watu walishangilia, na mimi nikaona nimeongoza.

Siku tatu kabla ya sherehe Merle alinijia. Ngoma ya kwao ya zamani huchezwa na watu wanane, wanne wanawake na wanne wanaume, wakitazamana na kupokezana mikono. Akaniomba: "Hamidu, nipe watu sita kutoka visiwa vingine. Nitawafundisha mwenyewe."

Nikafungua faili. Nikamwambia sheria ni sheria, kila kisiwa kicheze na watu wake. Tena nikamtafsiria methali yetu, kwa madaha kabisa: mcheza kwao hutunzwa. Alinitazama kidogo, akasema "Sawa," akapanda ngazi. Kuna "sawa" nyingine, mwanangu, ni mlango unafungwa. Mimi sikuusikia.

Jumamosi ikafika, theluji ya mwisho inayeyuka barabarani. Chakula cha Komoro, kwa kuwa hatukuwa na mpishi, alitupikia Bi Zaituni, mzee wa Unguja aliyekuwa akifua mashuka katika nyumba moja ya wazee huko Don Mills. Alikuja na sufuria la pilau amelifunga kwa kanga, amepanda nalo mabasi mawili, na abiria wote, alisema, wamemjua kwa harufu. Alikuwa pia amebeba masinia manne ya shaba yaliyotoka naye nyumbani. Nilimwamkia, nikamwonyesha meza yetu. Meza zilikuwa sita, kila moja na bendera yake. Watrinidad nimewapa ya mbele. Dominika nimewaweka nyuma, karibu na mlango wa jikoni, kwa kuwa ni wachache na hawana ngoma.

Saa saba mchana meza ile ilikuwa tupu. Binamu yake Merle alikuwa amekuja peke yake, akaikunja bendera yao, akaitia mkobani. Aliniambia Merle amekaa nje kwenye ngazi, wanaondoka, na hawatarudi kundini tena. Wamaldivi wakasikia, nao wakaanza kunong'onezana kuwa wao ni watatu tu, wanapoteza muda. Msimamizi alitarajiwa saa tisa. Nilihisi jasho ndani ya suti ya watu.

Nikakimbilia jikoni. Nadhani nilitaka kulalamika. Nikamweleza Bi Zaituni yote, ya alama, ya meza na ya watu sita niliomnyima Merle, na jinsi hawa wawili wanavyotaka kuniharibia. Yeye alikuwa anapakua, hakugeuka.

"Alama?" akauliza. "Pilau yangu mie itiwe alama? Na nani?"

"Ni mashindano, Bibi."

"Haya. Hebu nambie, baba. Wewe umelelewa Unguja. Watu wanne wamekaa kwenye sinia, na wewe ndiye mwenyeji. Nyama imeangukia mbele yako. Unafanyaje?"

Nikajibu kama mtoto wa madrasa, "Naisukuma upande wa mgeni."

"Nani kakufunza?"

"Mama."

"Basi mamako kafanya kazi yake. Wewe hii leo umelizoa sinia zima, ukaliweka pajani, ukawapa wenzio bendera washike." Hapo ndipo akageuka. "Huyo binti kakuomba watu sita. Hakukuomba kombe. Kamfuate."

Hakupandisha sauti, mwanangu. Angenifokea ningejitetea, na maneno nilikuwa nayo mengi. Nilitoka mle jikoni macho yamenijaa maji, nikasingizia vitunguu.

Merle alikuwa kwenye ngazi kweli, amevaa sketi yake ya ngoma ya rangi nyingi na juu yake koti la baridi. Sketi ile ilinichoma kuliko maneno ya Bibi. Alikuwa amekuja tayari kucheza, hajui na nani. Nilimwambia, "Nimekosa. Wazo lilikuwa lako nami nimekutoa ndani yake. Nitakupa watu sita, na wa kwanza ni mimi."

Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Kisha akauliza, "Unajua kucheza?"

"Sijui."

"Nilidhani hivyo," akasema, akainuka.

Ndani nilisimama mbele ya watu wote nikasema mashindano hayapo, kosa ni langu. Watrinidad walikasirika, na haki yao, wiki mbili walikuwa wakifanya mazoezi. Mmoja alichukua kofia yake akaenda zake, wala sikuwahi kumwona tena. Waliobaki tukasukuma meza ukutani. Bi Zaituni akatandika mikeka na kanga sakafuni, akaweka masinia yake, na meza zote zikamwaga vyakula humo, pilau na mchuzi wa Morisi na ndizi za Dominika. Akapanga watu kwa kuwashika mabega: watano kila sinia, wa kisiwa kimoja wasikae pamoja. Wasiojua kula kwa mkono walifunzwa na jirani.

Halafu Merle akatufundisha. Nilimkanyaga Mshelisheli mara tatu. Tulikuwa bado tunagongana pale msimamizi alipoingia, akasimama mlangoni na mkoba wake. Alitazama muda mrefu, akaja akaniuliza, "Hii ni ngoma ya kisiwa gani?"

Nikamwambia Dominika.

"Na Wadominika ni wepi?"

Nikamwonyesha wawili kati ya wanane. Aliweka mkoba chini, akatoa ufunguo wa chumba. Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka kuupokea, tabia haifi mara moja. Nikaurudisha. Nikamwambia, "Mpe yule. Kundi hili alilianzisha yeye."

Chumba kile tulikaa nacho miaka mingi.

Mwanangu, ukubwa ni jaa. Utatupiwa lawama, na sifa pia zitatupwa humo, hizo ndizo hatari. Visiwa vyetu ni vidogo, na mdogo akipata nafasi ya kuonekana mkubwa hulewa haraka. Usiwapime wenzako kwa wingi wao. Aliye na watu wawili mtafutie sita, na wa kwanza uwe wewe, hata kama hujui kucheza. Ukikosa, kiri mbele ya wale wale uliowakosea. Na wazo la mtu lirudishe kwa mwenyewe, likiwa na ufunguo wake.

Kombe ninalo. Lile pale karibu na jiko, mke wangu Merle ndiye aliyelitia miiko mwaka tuliooana, akasema angalau lifanye kazi.

Mwenyezi Mungu akupe kifua cha kubeba, akupe wenzako wa kukwambia ukweli, akuhifadhi na sifa zako. Nenda ukawaongoze. Nyama ikiangukia mbele yako, unajua la kufanya.