Tajiri Alituletea Dume Msibani

Mume wangu alifariki msimu wa pamba ukiwa umepamba moto. Alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha kuchambua pamba, nje kidogo ya Bariadi. Jioni alirudi akilalamika kichwa, akalala bila kula, na asubuhi nikamkuta hawezi kusema. Tulimfikisha hospitali, lakini adhuhuri haikumkuta.

Kabla sijajua nianzie wapi, lori la kiwanda lilisimama mlangoni. Lilileta turubai, viti, magunia ya unga na mchele, na dume jekundu la ng'ombe lenye nundu kubwa. Tajiri mwenyewe, mwenye kiwanda, alikuja, akavua kofia, akakaa chini na wazee wa ukoo na kuwasalimia Kisukuma kama mtoto wao. Lori hilohilo ndilo lililombeba marehemu mpaka kwao, upande wa Dutwa. Kaburini tajiri alisema, "Huyu hakuwa mfanyakazi wangu. Alikuwa ndugu yangu." Watu walilia. Nami nililia, na moyoni nikamshukuru Mungu kwa kumpa mume wangu bosi wa namna hiyo.

Matanga yalipokwisha, shemeji yangu mkubwa, kaka wa marehemu, aliniambia nifuatilie mafao. Mume wangu alikuwa akikatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya pensheni. Nililijua hilo vizuri kwa sababu kila mshahara ukitoka alinung'unika, nami nikimtuliza: "Hiyo haijapotea, baba watoto. Ni ya uzee wetu."

Binti niliyemkuta kwenye ofisi ya mfuko wa pensheni alikuwa na heshima. Aliangalia kompyuta, akaangalia tena, kisha akaniuliza, "Mama, baba aliacha kazi lini?"

"Hakuacha. Alikuwa kazini mpaka jioni ile alipougua."

Akavuta kiti karibu yangu, akanieleza taratibu. Kiwanda kilipeleka michango ya miaka ya mwanzo tu, kisha kikanyamaza. Mshahara ulikatwa, mfuko haukupata kitu.

"Sasa yalikuwa yanakwenda wapi?"

"Hilo mwajiri ndiye wa kulijibu, mama. Ila una haki ya kulalamika, na sisi tutamfuata."

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi. Hasira haikuja kwanza. Nilisikia aibu, kama vile mimi ndiye niliyekamatwa na kitu cha watu.

Sikulalamika. Nilikwenda kwa tajiri. Alinipokea ofisini kwake, akaagiza niletewe soda.

"Shemeji," akasema, "wewe pamba unaijua. Bei ikianguka nifanye nini? Nifunge kiwanda, au nicheleweshe michango watu wapate kula? Mimi nilichagua watu wale."

"Lakini mlimkata."

"Nitapeleka. Msimu ukiisha nitapeleka. Kwani nimewahi kuwatupa?"

Nilikunywa soda yake. Msimu ukaisha, mwingine ukaja ukaisha, na kila nilipofika getini mlinzi aliniambia bosi amesafiri. Mwanangu wa pili aliacha shule akaenda kuchunga ng'ombe wa watu. Mimi nilianza kuuza michembe sokoni, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa, nikinunua vijijini na kubeba mwenyewe.

Siku niliyosema nakwenda kulalamika, shemeji yangu aliita kikao cha ukoo nyumbani kwangu.

"Mtu aliyetuzikia ndugu yetu," alisema, "leo tumpeleke mahakamani? Dutwa nzima itatuonaje?"

"Shemeji, alitusaidia kwa jasho la huyohuyo tuliyemzika."

Alisimama, akachukua fimbo yake, akatoka. Wengine wakamfuata. Tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu.

Nilikwenda peke yangu. Ofisi ilitaka shahidi aliyefanya kazi na marehemu miaka ile yote. Wenzake niliowafuata nyumbani walinikaribisha vizuri, wakanisikiliza, wakasema wana watoto. Mmoja tu ndiye aliyekubali, kijana aliyekuwa msaidizi wa mume wangu kwenye mashine.

"Kazi yote hii alinifundisha yeye," aliniambia. Mkewe alikuwa kando anapepeta mahindi. Niliona mikono yake ikisimama, kisha akaendelea kupepeta.

Wakaguzi walifika kiwandani, wakakuta makato ya watu wengi hayakupelekwa. Kesi ilipofunguliwa, tajiri hakungoja hukumu. Alilipa malimbikizo ya wafanyakazi wote pamoja na faini, na pensheni ya warithi ikaanza kuingia. Siyo nyingi, ila mtoto amerudi shule. Kwa miezi kadhaa nilitembea Bariadi kichwa juu.

Kisha msimu mpya ulifunguliwa, na kiwanda hakikumrudisha mtu hata mmoja kwenye ajira ya kudumu. Wote waliambiwa wao sasa ni vibarua, wanalipwa jioni, asubuhi wanapanga foleni upya getini. Habari ya pensheni haikutajwa tena, wala hakuna aliyethubutu kuitaja. Yule kijana hata kibarua alinyimwa. Alitafuta kazi kwenye viwanda vya Maswa, lakini habari zake zilikuwa zimemtangulia. Mwishowe alikwenda Nassa, kule ziwani, kuvuta nyavu za watu, yeye ambaye hajui hata kuogelea.

Mkewe alinijia sokoni asubuhi moja, mtoto mgongoni.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimia kwa Kisukuma, akiniita mama.

Nikaitikia, nikamuuliza habari za mumewe.

"Anakohoa. Maji ya usiku yanamsumbua kifua. Wanasema michango yake sasa iko salama, ataipata akizeeka."

Alisema bila ukali wowote, kama mtu anayenitajia bei ya mahindi. Nilichota michembe nikamjazia mfuko, nikamnyooshea. Hakuupokea.

"Sikuja kuomba, mayu. Nilitaka tu unione."

Akamrekebisha mtoto mgongoni, akapita katikati ya meza za dagaa, akaenda zake. Mteja alikuwa amesimama mbele yangu, anauliza michembe ni ya mwaka huu au ya mwaka jana.