Mkwe Kwenye Kichaka cha Blakberi

Ukifika Sindo na kuuliza nyumba ya Mugesi, watu watakukazia macho kwanza. Uliza nyumba ya Nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria, yule mwenye miiba nyuma ya nyumba, na hata mtoto wa nasari atakunyoshea kidole. Miiba yenyewe ni blakberi, yale matunda meusi ya punje punje ambayo ukiyala huwezi kukana, maana ulimi utakusema. Kwao Ntimaru, kule juu kwenye baridi, yanaota ovyo kando ya njia na hakuna anayeyajali. Lakini hapa ziwani, kwenye jua la kukausha omena, wale dagaa wa ziwani, kabla ya saa sita, mtu kuyapanda ni kujitafutia maneno.

Na maneno aliyapata. Alipoolewa na Bonface, fundi wa injini za boti, alikuja na vipande vya shina vimefungwa kwenye gunia lililoloweshwa. Mama yake, Wegesa, alimwambia waziwazi kwamba huko kwenye joto hiyo miiba haitashika, na yeye mwenyewe hatakaa. Hakusema kwa ubaya. Wegesa ni mwanamke wa kusema kitu kikaisha, ila hiki hakikuisha. Alikirudia kwenye simu mwaka wa kwanza, akakirudia wa pili, na kila alipopiga aliuliza habari za samaki kwa sauti ya mtu anayeulizia mgonjwa. Kisha angeuliza Mugesi anarudi lini nyumbani. Si kuja kutembea, la. Kurudi.

Mugesi naye ni mtoto wa mama yake, ukimwambia jambo haliwezekani umempa kazi. Alivipanda vile vipande nyuma ya bafu, pale maji ya kuoga yanapotokea, penye kivuli cha mipapai. Mwanzoni akavirundikia mavi ya kuku mabichi kwa mapenzi tele, na mapenzi hayo yakaviunguza, nusu vikafa. Akajifunza kuyafunika mavi kwa majani ya migomba mpaka yapoe na kuwa udongo. Akajifunza pia kwamba tawi linalozaa ni la mwaka jana: likishazaa unalikata, na lile changa unaliacha hata kama limekaa kijinga. Hilo alijifunza baada ya Bonface, kwa moyo mwema kabisa, kusafisha kichaka kwa panga na kuacha lile zee tu. Siku hiyo Bonface alilala mapema bila kuambiwa.

Kuku wake walikikubali kichaka kuliko binadamu yeyote. Mchana walichimbua chini yake wakioga vumbi, na mwewe akitokea vifaranga walijitosa ndani ya miiba wakatulia, mwewe akazunguka weee mpaka akaenda zake. Asubuhi Mugesi alifagia uwanja, akawamwagia mahindi, akaokota mayai na kumpelekea Kultum mwenye duka mjini. Mwaka juzi alimpelekea na bakuli la blakberi za kwanza. Kultum akazisaga na maziwa na sukari, akanywa akiwa amesimama, akamwambia bakuli lingine lisipitie kwa mtu mwingine yeyote. Mugesi alirudi nyumbani akijisemesha njiani kwa furaha.

Tabu ni kwamba kuku nao walishazionja. Kuku aliyeonja blakberi hana adabu tena, ataruka, atapanda mgongo wa mwenzake, atazila hata zikiwa nyekundu. Ndipo Bonface akaleta wavu mkuukuu wa kuvulia, wakakifunika kichaka chote na kuubana chini kwa mawe.

Mwaka huu, mwezi wa sita, Wegesa akapiga simu kusema anakuja. Alikuwa hajawahi kukanyaga Sindo. Ilikuwa Jumatano, angefika Jumamosi mchana, na matawi yalikuwa yameinama kwa uzito. Mugesi akazuia kila mkono. Kultum alinyimwa, majirani walinyimwa, Bonface alinyimwa mbele ya macho yake mwenyewe. Alitaka mama yake azikute mtini, azione kwa macho yake zikining'inia huku kwenye joto, ndipo wazungumze habari ya nani anakaa na nani hakai. Hakulala vizuri siku zote hizo, na hakuona haya kusema hivyo.

Jumamosi asubuhi Bonface alikuwa anasafisha banda la kuku. Alivaa kaptura iliyochanika nyuma na fulana ya ndani yenye matundu, na mavi ya kuku yalimfika mpaka kwenye nywele. Suti yake ilikuwa imepigwa pasi, inamngoja kitandani. Kisha akasikia langoni sauti ya mwanamke ikiuliza kama hapa ndipo kwa Mugesi. Wegesa alikuwa amelala Migori kwa ndugu yake, akapata gari la alfajiri, na kwa nini angojee mchana kama barabara iko wazi.

Sasa elewa jambo moja. Huku, na kwao Ntimaru vilevile, mwanamume hamwendei mama mkwe wake hivihivi. Waluo humwita maro, na maro husalimiwa kwa mbali, kwa heshima, mwanamume akiwa amevaa akapendeza. Kuonwa na maro ukiwa na kaptura iliyochanika nyuma ni jambo ambalo watoto wa watoto wako wataliona haya. Mlango wa nyumba ulikuwa upande wa lango. Bonface akatazama kulia, akatazama kushoto, akainua ukingo wa wavu na kuingia ndani ya blakberi.

Miiba ya blakberi imeelekea nyuma, kama ndoana. Kuingia inakuruhusu, kutoka ndiyo kesi. Ikamshika fulana, ikamshika kaptura pale palipochanika, na wavu ukamfunga mkono. Akaona ni heri atulie mpaka mgeni aingizwe sebuleni.

Lakini Wegesa hakutaka sebule. Alisema amekaa kwenye gari vya kutosha, akaomba kiti nje, na Mugesi akamwekea chini ya mpapai wa mbele ya bafu, hatua chache tu kutoka kichakani. Akaketi na kuanza habari za Ntimaru tangu mvua ya masika. Na wakati huo kuku, waliokuwa wamefunguliwa banda, waliona ukingo wa wavu uko juu.

Waliingia mmoja mmoja, kisha wote. Bonface alisema baadaye kwamba hajawahi kuteseka namna ile. Angewafukuza kwa kelele, maro angesikia. Angetikisa tawi, miiba ingemla. Akabaki anawanong'oneza, anawasihi, anamkazia jogoo macho, na jogoo akapanda mguu wake ili afikie tawi la juu. Zile blakberi ambazo yeye mwenye nyumba alinyimwa zilikuwa zinaliwa puani pake.

Upande wa pili, chai iliisha. Mugesi akaona wakati umefika. Akamwambia mama yake kuna kitu anataka akione, akamshika mkono, wakazunguka bafu.

Walichokiona ni mwanamume ndani ya wavu, amejikunja, mgongo kwao, ule upande uliochanika, na kuku wamemzunguka midomo ikiwa ya zambarau. Matawi yalikuwa matupu. Mugesi alipaza sauti, si kwa ajili ya mumewe, kwa ajili ya blakberi. Aliyatazama yale mashina matupu, machozi yakamjia. Miaka yote ile, na mama yake amekuja kuona kuku walioshiba.

Wegesa aligeuza uso haraka, akautazama mpapai, kama heshima inavyotaka. Mabega yake yakaanza kutikisika. Kisha kicheko kikamtoka, kicheko cha kushika mbavu, mpaka akaegemea ukuta wa bafu.

"Niliambiwa huku mnavua," alisema. "Sikujua mnavua hata wakwe."

Alipopata pumzi akawa mama wa Ntimaru tena, aliyekulia kwenye miiba. Akamwambia Mugesi amwambie huyo mwanamume asivute, ajisogeze mbele kidogo ili miiba ilegee. Bonface, aliyekuwa anasikia kila kitu, akamwambia Mugesi amwambie maro anashukuru. Wegesa akaomba makasi. Akakata wavu, akabandua miiba kwenye fulana mmoja baada ya mwingine, uso ameuelekeza kwa kuku wakati wote, na vidole vyake havikukosea hata mara moja. Bonface akachomoka na kukimbia kuvaa suti.

Wegesa hakuondoka pale. Alichutama, akalipapasa shina la chini, akaushika udongo na kuunusa. Akainua tawi changa na kulitazama pale lilipochomoza. Ndani kabisa, mahali ambapo hata jogoo hakufika, kulikuwa na kishada kimoja. Akaingiza mkono kwa ustadi, akachuma moja, akala polepole. Mugesi alisimama juu yake akimtazama mdomo.

"Zina sukari sana," Wegesa alisema. "Ni hili jua."

Akala ya pili na ya tatu. Kisha akainuka akaenda mlangoni alikoacha mizigo, akarudi na kuku jike mwenye madoa, miguu imefungwa kwa katani. Alikuwa amemleta wa supu, alisema, kwa sababu hakujua kama huku wanakula kitu zaidi ya samaki. Alimpima mkononi kidogo, akawatazama wale wengine waliokuwa wanajifuta midomo kwenye nyasi.

"Huyu msimchinje," akasema. "Mfunge hapa kwenye miiba siku mbili tatu, azoee. Baada ya hapo hata umfukuze hataondoka."

"Mama," Mugesi akasema, "mimi hakuna aliyenifunga."

Wegesa alikitazama kichaka, akamtazama binti yake, ulimi wake mwenyewe ukiwa mweusi tititi.

"Nimeona," alisema. "Nimeona, mwanangu."

Na akamkabidhi kuku, akaenda kutafuta kamba ndefu zaidi.