Gauni Jeusi la Disebo

Disebo alibakiwa na siku moja tu ya kuokoa kazi yake. Miezi mitatu ya majaribio ya kuuza bima ya mazishi ilikuwa inakwisha, na wateja aliopata hawakujaza hata kiganja. Jumapili angesimama mbele ya chama cha kuzikana cha akina mama wa Sharpeville. Wakijiunga, anaajiriwa, wakikataa, anarudi kufulia watu.

Ijumaa, bosi wake Ramabele akamtaka ajaribu kwanza mbele ya wenzake, wamkosoe. Wakamkosoa kweli.

"Unanadi viazi?" Ramabele alimkatiza. Wote wakacheka, na aliyecheka zaidi ni Puseletso, aliyekula naye chakula cha mchana kila siku. "Mumeo si alikufa? Tueleze alivyozikwa."

Akaeleza: jeneza la mchango, mvua, aibu. Akalia.

"Machozi yamewahi," alisema Puseletso. "Subiri ufike kaburini, shoga."

Wakamrudisha mwanzo mara tatu. Mara ya tatu alimtaja marehemu kama anayesoma bei za sabuni.

"Na hilo gauni la maua ni la harusi ya nani?" aliuliza Ramabele. "Vaa nyeusi, kama mjane."

"Nilishavuliwa nguo za ujane, bosi. Zilichomwa. Kuzivaa tena ni kuita msiba."

"Sharpeville nani anakujua?"

Ramabele ni Msotho kama yeye. Mama yake mzazi alikaa na nyeusi mwaka mzima, kwa hiyo alijua vizuri alichokuwa anaomba. Mtu yule hakuwa na haya hata chembe. Lakini Disebo alikuwa na watoto wawili, akaazima gauni.

Jumapili alisema vizuri, na masimulizi yalipofika kaburini machozi yakamtoka. Hapo mwanamke wa safu ya tatu akasimama. Alikuwa Matlakala, dada wa marehemu mumewe, aliyehamia huko kwa binti yake bila Disebo kujua.

"Disebo! Nguo nyeusi si nilikuvua kwa mikono yangu, tukazichoma uani? Nani amekufa tena?"

"Hakuna, wifi."

"Basi huo msiba umemletea nani?"

Viti vikarudi nyuma. Bibi mmoja akamfunika mjukuu wake uso. Ramabele, aliyekuwa amekuja naye, bila hata kukohoa akapita katikati yao na fomu.

"Akina mama, kalamu hizi hapa."

Kwa hofu ya msiba huo, wakatia sahihi wote. Kikombe alichonywea Disebo, Matlakala alikitupa nje kikavunjika.

"Nyumbani kwa kaka yangu usikanyage tena," alisema. "Watoto nakwenda kuwachukua leo hii."

Disebo alimkimbilia hadi getini, akapiga magoti, wifi yake akapita pembeni bila kumgusa.

Ramabele alimkuta hapo hapo chini, fomu zikiwa kwapani.

"Kazi umepata! Sauti tu, ipandishe kidogo. Jumatano tuna chama kingine, gauni usilirudishe."