Mkanda wa Paka na Mbwa

Juzi mwanangu alikuwa akichekea katuni ya paka na mbwa, nami nikasikia harufu ya ubani ambayo haikuwepo.

Alasiri ile ya utotoni mwangu, pale Mingoyo, jirani yetu Mama Zuhura alinichukua kwake nikatazame video yao mpya. Mbwa alimponda paka kwa kikaango akawa bapa kama chapati, kisha paka akainuka. Kutoka kwetu ulikuja ubani na sauti za watu wengi, nikadhani ni maulidi.

Mkanda ulipokwisha nikasema, "Nikamwite mdogo wangu naye aone. Labda homa imeshuka."

"Kaa kitako, mwanangu," alisema Mama Zuhura, akaurudisha mwanzo kwa mara ya nne.

Sasa najua kule kwetu walikuwa wakimwosha mdogo wangu. Paka akainuka tena, nami nikacheka.