Mama Mkwe wa Upper Hill
Nina lugha nne, na kusema kweli nilikuwa naringa nazo. Ofisi yangu ya ushauri nasaha iko Upper Hill na wateja wangu ni watu wazima: watu wa benki wanaolia kwa Kiingereza, wafanyabiashara wanaoanza kwa Kiswahili na kumalizia kwa Kikuyu, lugha niliyoiokota kwa majirani zangu Kinoo. Ya nne ni ya mama yangu, ya huko magharibi. Njia yangu ni moja: mtu akikwama, namkaribisha katika lugha aliyobembelezewa utotoni. Wengi hufunguka hapo hapo.

Mteja wangu mmoja, fundi wa mabomba, alikuwa amekwama kabisa. Mkewe ndiye aliyemsukuma aje, baada ya mtoto wao wa pekee kufariki. Akija, tunazungumzia kodi, mvua, na wenye nyumba wasumbufu. Jambo moja tu la maana lilimponyoka: kwamba usiku hulala akitamani asiamke. Nilipomdadisi akasema, "Ni mawazo tu, madam. Tuendelee." Hakuwa amemwambia kaka wala mchungaji. Nilikuwa mimi tu, na niliogopa.

Kwa lafudhi yake nilijua kwao ni kwetu, basi siku moja nikamsalimia kwa lugha ya nyumbani. Uso wake ulilegea. Akaanza kunieleza jinsi mkewe alivyohamia kitanda cha mtoto, na jinsi yeye mwenyewe asivyoweza hata kumgusa bega. Kisha akasita, akauliza swali ambalo mtu wa kwetu lazima aulize akikutana na mwenzake: mimi ni wa ukoo gani?

Kwa Kiingereza ningelikwepa vizuri sana, nimelisomea. Kwa lugha ya mama yangu swali hilo halikwepeki. Nikautaja ukoo.

Akasimama. Mkewe ni wa ukoo huo huo, na kwa umri wangu mimi ni mama mkwe wake. Kwetu mkwe hajifungii chumbani na mama mkwe, hamkazii macho, na mambo ya kitanda hayatajwi mbele yake hata kwa mafumbo. Alirudi kinyumenyume hadi mlangoni akiniomba radhi. Nikahamia Kiswahili, nikamwambia kwamba humu ndani mimi ni mshauri tu. Nikajitolea hata kukigeuza kiti nimpe mgongo.

"Haiwezekani, mama," akasema. Dakika chache tu zilizopita nilikuwa madam.

Nilimpa namba ya mwenzangu, mwanamume, mwenye ofisi Dagoretti Corner. Akaipokea kwa mikono miwili na hakuenda. Wiki iliyofuata alipita kwenye mapokezi akaniachia sukari na majani ya chai, bila kupanda kwangu. Nilikasirika. Nani alimwomba sukari? Nilimtaka aje akae kwenye kile kiti atukane, apige kelele, aseme.

Bado nampigia simu. Hupokea upesi, maana simu ya mama mkwe haiachwi iite. Namuuliza kama analala, kama anakula, kama yale mawazo yamemtoka. Namuuliza kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa lugha ya nyumbani. Mkwe hamwambii mama mkwe kwamba anaumwa, na yeye amelelewa vizuri.

"Tuko salama, mama," hunijibu, kisha hungoja kwa heshima hadi nikate.