Uzito wa Nyuma Katika Mercedes ya Harusi

Hadjara hupima gari akiwa amelala ndani ya kofre, pale nyuma panapokaa mizigo, mfuniko umefungwa nusu kwa kamba. Watu wa Butembo walimcheka hadi wakachoka. Mafundi wengine hukandamiza gari kwa viganja, likirukaruka wanakuuzia amotisere mpya za kuzuia mtikisiko. Yeye husema chuma hukisikii vizuri mpaka kitembee. Mimi, ninayeuza vipuri jirani naye, namwamini, ingawa humo ndani siingii hata nikibembelezwa.

Asubuhi hiyo aliletewa Mercedes nyeupe ya zamani ya Maliro, mfanyabiashara anayeikodisha kwa harusi za Butembo na Beni. Nyuma ilikuwa ikigonga. Maliro alikuwa amekwisha kumhukumu dereva wake, Zorobabel: anaingia mashimo bila huruma. Hadjara akithibitisha hivyo, kazi ya dereva inaisha papo hapo.

Zorobabel aliendesha polepole kwenye mteremko, Hadjara akisikiliza. Kisha akaingia chini ya gari, akakawia. Alipotoka, kitambaa chake cha kichwa kilikuwa chekundu kwa vumbi.

"Patron, hapana mashimo," alimwambia Maliro. "Shimo inapigaka upande moja. Hapa resori zote mbili za nyuma, hizi springi, zilifupika sawasawa. Ni uzito. Hii gari inabebaka vitu vizito."

Alidhani amemwokoa mtu. Kumbe ilikuwa kuruka majivu na kukanyaga moto.

"Donc uko mwizi!" Maliro alimfokea dereva mbele ya wateja na wapita njia. "Unabebea batu mizigo mu gari yangu! Leta ufunguo."

Zorobabel akautoa mfukoni, akampa. Hadjara alitamani ardhi immeze, na mimi nilimwonea huruma jirani yangu huyo.

Ndipo akainuka Mama Marie-Jeanne, mama mzazi wa Maliro, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la duka langu akingoja kupelekwa sokoni.

"Ni mimi njo nilimutuma," alisema. "Kakao yangu inafikaka Beni na pikipiki, toka Mutwanga. Gari ikitoka arusi ya Beni inarudiaka bule, basi anapakia mifuko yangu mpaka huku Butembo. Na ku barrière ya barabara, pale banalipishaka kodi, nani atafungua kofre ya gari yenye maua?"

"Mama! Mbona hapana kuniambia?"

"Ungekataa. Na yeye nilimukataza aseme. Aliniheshimu."

Maliro akacheka, kicheko cha mtu aliyeshikwa pabaya, akamnyooshea dereva ufunguo. "Bon, Zoro, iishe. Jumamosi tuko na arusi."

Zorobabel hakuupokea. "Patron, mwizi uliniita kwa sauti, kila mutu akasikia. Lakini kuomba pardon, hapana mutu alikusikia."

Akamuaga mama kwa heshima, akateremka kwa miguu.

Hadjara alifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Maliro alibaki ameshika ufunguo kama aliyepewa kitu kigeni. Tajiri yule ana magari matatu, na hajawahi kujifunza kuendesha hata moja.